Ukumbi Ulijengwa kwa Majani, Si kwa Bakuli la Harambee

Ndugu wachumaji, ndugu wa kiwandani, na nyinyi vibarua ambao majina yenu huandikwa Jumatatu na kufutwa Jumamosi:

Mwezi wa Agosti waja. Huko Ulaya huu ndio wakati wa jua, na watoto wao hupelekwa michezoni kando ya maziwa na bahari. Kwetu Kericho na Bomet, Agosti ni baridi. Ukungu hukaa juu ya majani mpaka saa nne, mchana mvua ya mawe yapiga mabati, kilo zapungua mzanini na mshahara wapungua pamoja nazo. Na katika mwezi huo huo mwembamba shule zafungwa, watoto wote warudi kambini. Baba yuko shambani, mama yuko shambani, na mtoto wa miaka tisa ameachiwa ufunguo wa nyumba na mdogo wake mgongoni.

Sasa, kambi nyingi kubwa zina jengo lililowekwa kwa ajili ya watu kama hawa. Twaliita ukumbi, wengine husema holi. Ndani yake yapasa kuwe na viti, meza ya drafti, televisheni, wavu wa voliboli, mpira wenye pumzi. Hebu kila mmoja ajiulize juu ya kambi yake: ukumbi ulifunguliwa lini mara ya mwisho kwa ajili ya watoto, si kwa ajili ya mkutano wa meneja? Na ufunguo uko kwa nani?

Ufunguo hatuuoni, lakini kadi ya mchango twaiona. Kila mwaka, wiki mbili kabla ya shule kufungwa, kadi hutokea kama uyoga baada ya mvua.

Tutoe mfano mmoja. Mwaka 2023, katika shamba ambalo jina lake hatulitaji kwa kuwa wenzetu wa huko bado wanakula mkate wa shamba hilo, tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ukumbi. Lilisema kutakuwa na Siku ya Michezo ya Likizo pamoja na Harambee ya kutengeneza paa la ukumbi. Kila mfanya kazi shilingi 200, kila msimamizi shilingi 500. Karani akasimama karibu na mzani na daftari lake. Hakusema kwamba ni lazima. Alisema tu kwamba majina ya wasiotoa yatasomwa. Kibarua asiye na mkataba ajua maana ya jina lake kusomwa.

Siku ikafika. Hema zikakodiwa, viti vya plastiki vikaletwa kwa lori, kipaza sauti kikalia tangu alfajiri. Watoto walipangwa mstari saa tatu wapate kumwimbia mgeni wa heshima. Mgeni alifika saa nane. Alihutubu nusu saa juu ya mambo ya uchaguzi, akatangaza mchango mkubwa ambao ulikuwa wa mdomo tu, akapigiwa makofi, akaingia motokaa yake kabla ya mbio za magunia. Mpira ulichezwa dakika kumi na tano kila upande kwa kuwa wingu lilikuwa limekwisha kushuka. Kila mtoto alipata soda na nusu mkate. Hesabu ya fedha haikusomwa siku ile wala siku nyingine yo yote. Paa lavuja pale pale lilipokuwa likivuja, juu ya jukwaa, na ndoo iliyowekwa chini yake ndiyo mali pekee iliyoongezeka ukumbini.

Fanyeni hesabu wenyewe. Watu 1,000 wakitoa shilingi 200 kila mmoja, hizo ni shilingi 200,000. Hema na viti na kipaza sauti na mbuzi wa mgeni vililiwa na fedha hizo hizo. Kwa hivyo sisi ndio tuliomkodia mgeni hema ili aje atuahidi fedha za kutengeneza jengo ambalo si lake wala si letu, bali limo katika mali ya shamba. Kama kuna mtu aijuaye biashara nyingine ya namna hii hapa duniani, na aje ofisini mwa tawi atueleze.

Wako watakaosema kwamba chama kimekuwa adui wa furaha. La hasha. Twataka watoto wacheze. Twataka wazee wapate pahali pa kukaa na drafti yao jioni bila kwenda kwenye busaa. Twataka akina mama wapate ukumbi wenye taa. Tunachogombania ni mambo mawili tu: nani alipe, na nani aamue.

Watu wengi hudhani ukumbi ni zawadi. Hudhani palikuwa na bwana mwema zamani aliyeona huruma. Tuwakumbushe basi. Makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na lile la James Finlay, yalianza kupanda hapa kwetu katika miaka ya 1920, katika ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wamekwisha kunyang'anywa. Kumbi za jamii zilianza kuenea Kenya baada ya vita ya 1939–1945, wakati serikali ya mkoloni ilipoona askari wamerudi kutoka Burma na macho yamefunguka, na wafanya kazi wa Mombasa na Nairobi wanagoma. Fikira yake ilikuwa nyepesi: mtu aliyechoka kwa mpira Jumapili hatakuwa na nguvu za mgomo Jumatatu. Wenye mashamba nao wakaifahamu fikira hiyo. Kwa hivyo ukumbi haukutoka katika huruma. Ulitoka katika hofu, na gharama yake ikatoka katika majani, na majani hayo yalipita katika vidole vya baba zetu na mama zetu.

Lakini ukumbi ni jengo lisilomtii aliyelijenga. Huko Nairobi, katika ukumbi wa Kaloleni, uliojengwa ili Waafrika wacheze dansi na kunywa chai, tarehe 23 Aprili 1950 Makhan Singh alisimama akatoa azimio la uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Huyo alikuwa katibu wa vyama vya wafanya kazi, si mwana wa mfalme. Tarehe 15 Mei mwaka huo huo akakamatwa pamoja na Fred Kubai, Nairobi ikagoma, naye Singh hakutoka kizuizini mpaka Oktoba 1961. Na kwetu sisi watu wa chai, chama cha wafanya kazi wa mashamba ya chai kilichoundwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ambacho mwaka 1963 kiliungana na wenzetu wa kahawa na mkonge, hakikukua katika ofisi zenye zulia. Kilikua kambini, pale watu walipoweza kukaa pamoja. Ndiyo sababu twashangaa sana tukiona ufunguo wa ukumbi umo mfukoni mwa nyapara. Mwenye ufunguo ndiye aamuaye ni mazungumzo gani yatazungumzwa.

Twajua jibu la ofisi. Watasema: nyakati zimebadilika, mwenye shamba wa zamani ameondoka, huyu wa sasa hakukuahidini ukumbi. Ni kweli wenyewe wamebadilika. Mwaka 2022 Unilever iliuza biashara yake ya chai kwa matajiri wa CVC. Mwaka 2023 James Finlay wakatangaza kuuza mashamba yao ya Kenya kwa Browns ya Sri Lanka, na mwaka 2024 Lipton nao wakatangaza kuwauzia Browns hao hao. Bendera zapanda na kushuka mlangoni mwa ofisi hata walinzi hawajui saluti wampigie nani. Lakini mtu anunuaye ng'ombe mwenye ndama hasemi, ndama simjui. Anunuaye shamba ananunua vichaka, viwanda, barabara, nyumba za kambi, na deni la nyumba hizo. Ukumbi umo ndani ya bei. Aliyeuza alikwisha kupokea thamani yake, aliyenunua alikwisha kuilipa, na mfanya kazi aambiwa alete shilingi 200.

Je, sheria yasemaje? Tuwe wakweli hapa, maana mwanachama anayekwenda kwa meneja na sheria ya kubuni hurudi na aibu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ifaayo au fedha za kodi. Maji yametajwa, matibabu yametajwa. Ukumbi haukutajwa. Hapo ndipo wanapopenyea. Ukumbi ukiwa haukuandikwa ni hisani, na hisani hufungwa kwa kufuli wakati wo wote.

Wenzetu wengine waliandika. India, mara tu baada ya uhuru wao, ilitunga Sheria ya Kazi za Mashamba Makubwa ya mwaka 1951, na ndani yake mlikuwa na kifungu kilichozipa serikali za majimbo uwezo wa kumlazimisha kila mwenye shamba la chai aweke nafasi ya burudani kwa wafanya kazi na watoto. Hatusemi kwamba mambo ya Assam yakawa asali. Mwenye shamba ni mwenye shamba hata akivaa kilemba, na sheria nyingi huko zilibaki karatasi. Lakini mfanya kazi wa Assam aliyekuta ukumbi umefungwa aliweza kusema, mmevunja kanuni. Sisi twaweza kusema tu, mmetuhuzunisha.

Mfano mzuri zaidi watoka Uingereza kwenyewe, kwa mabwana waliokuja kutufundisha unyenyekevu. Mwaka 1920 bunge lao lilitunga sheria ya machimbo ya makaa ya mawe, na kwa sheria hiyo wenye machimbo walitozwa peni moja kwa kila tani ya makaa iliyotoka chini. Peni hizo zikaingia katika Mfuko wa Ustawi wa Wachimbaji. Kwa mfuko huo zilijengwa kumbi, viwanja vya michezo na mabafu ya kuogea. Na fedha hizo zilisimamiwa na kamati zenye wajumbe wa wachimbaji, si na wenye machimbo peke yao. Angalieni vizuri jinsi ilivyokuwa. Hakuna mchimbaji aliyebandikwa jina ukutani. Hakuna mgeni wa heshima. Tani ilitoka, peni ikaingia.

Basi twasema hivi, na twalisema kwa sauti ili lifike kwenye meza ya majadiliano kabla ya mkataba wa pamoja unaofuata: SENTI KUMI KWA KILA KILO YA MAJANI MABICHI, iwe ya Mfuko wa Ukumbi. Senti kumi! Hata kiberiti hainunui. Mchumaji aletaye kilo 40 kwa siku atakuwa ameingiza shilingi nne mfukoni mwa ukumbi, zitokazo upande wa mwajiri, si katika mshahara wake. Shamba lenye wachumaji 1,000 wa namna hiyo lingetoa shilingi 4,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi shilingi 104,000 kila mwezi. Kwa miezi miwili mmepita ile harambee yote, pamoja na mbuzi.

Na kwa nini kwa kilo, si kwa kichwa? Hili lataka kufikiriwa sana. Vichwa vyapungua. Mashine za kuchumia zimeingia, na sote twakumbuka Mei 2023, hasira ilipopanda Kericho mpaka mashine zikachomwa moto na damu ikamwagika. Chama hakitetei kuchoma mashine. Lakini mashine haina mtoto wa kucheza Agosti, haitoi ada ya chama, haichangi msibani, na kila inapoingia watu kadhaa waondoka na magodoro yao. Tukidai mfuko kwa hesabu ya vichwa, mwenye shamba atapata sababu moja zaidi ya kuvipunguza. Tukidai kwa hesabu ya kilo, basi jani ni jani: liwe limechumwa kwa vidole au limenyolewa kwa chuma, senti kumi zake zaja ukumbini. Mashine nayo itachanga. Tena itachanga kuliko sote, kwa kuwa haichoki.

Sasa turudi kwa karani na daftari lake, maana Agosti haitangoji mkataba mpya.

Sheria ile ile ya 2007, kifungu cha 19, imeorodhesha makato ambayo mwajiri aweza kukata katika mshahara. Harambee haimo. Kama ni fedha ambazo mwajiri hana faida nazo, zaweza kukatwa ikiwa mfanya kazi mwenyewe ameomba kwa maandishi. Someni tena: mwenyewe, kwa maandishi. Kuitikia kwa kichwa mzanini si maandishi. Kunyamaza mkutanoni si maandishi. Tena, paa la ukumbi ni mali ya shamba. Mwajiri atasemaje kwamba hana faida katika paa lake mwenyewe? Na kifungu cha 20 kinataka mfanya kazi, asipokuwa kibarua, wala wa kulipwa kwa kipande, wala wa muda usiozidi miezi sita, apewe hati ya mshahara inayoonyesha kila kilichokatwa na sababu yake. Ukiona neno "michango" bila maelezo, usilikunje karatasi hilo ukawashia jiko. Lihifadhi.

Juu ya wageni wa heshima tuseme maneno machache, nao hawastahili mengi. Neno harambee ni neno zuri, la watu wavutao kamba pamoja. Mzee Kenyatta alilitoa kwa taifa siku ya Madaraka, 1 Juni 1963, na kwa neno hilo shule nyingi zilijengwa na zahanati zikasimama, hapa kwetu pia. Wengi wetu tulijifunza kusoma chini ya mabati ya harambee. Baadaye neno likaota meno. Chifu akawa na kitabu cha risiti, mbuzi wa maskini akauzwa, waheshimiwa wakanunua kura kwa fedha ambazo hakuna aliyejua zimetoka wapi. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma ikajaribu kuwafunga mikono. Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani, Rais mwenyewe alitangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Tokea hapo mgeni wa heshima amebadilisha koti tu. Siku hizi aja "rafiki wa mheshimiwa", na bahasha ni ile ile, na hotuba ni ile ile, na mvua ya saa tisa ni ile ile.

Michango yetu wenyewe hatuigusi. Mwenzetu akifiwa tutatoa, na maiti itafika Kisii au Busia au Kapkatet kwa heshima. Mtoto akiitwa shule ya sekondari tutatoa. Hiyo ni kamba tunayoivuta sisi kwa sisi, na daftari lake husomwa mbele ya watu jioni ile ile. Tofauti yake na kadi ya ofisi kila mama wa kambi aijua bila kufundishwa.

Kisha lipo jambo ambalo wanaume wa kambi hawapendi kulizungumza, nalo ndilo kubwa kuliko paa. Februari 2023 shirika la BBC lilionyesha duniani kote jinsi wanawake katika mashamba ya chai ya Kericho walivyokuwa wakidaiwa miili yao ili wapewe kazi. Wakubwa wakashtuka, wengine wakasimamishwa, makampuni yakaahidi uchunguzi. Wachumaji hawakushtuka, walikuwa wakijua. Sasa tuulize: mwanamke aliyetendewa hivyo azungumze wapi? Ofisini, mbele ya rafiki wa msimamizi? Bafuni? Anahitaji chumba chenye mlango na taa, na wanawake wenzake ndani, na msimamizi awe nje. Chumba hicho kipo, kimefungwa kwa kufuli. Na binti wa miaka kumi na nne aliyeachwa peke yake Agosti nzima katika kambi iliyo tupu mchana, je, hatari yake twaihesabu shilingi ngapi? Tukisema ukumbi ufunguliwe wakati wa likizo, wako wanaocheka wakidhani tunaomba karata na muziki. Tunaomba pahali ambapo watoto waonekana.

Wala tusisahau mwisho wa Desemba 2007 na Januari iliyofuata. Majirani waliokuwa wakichota maji bomba moja walifukuzana kwa mikuki na moto. Wako waliouawa humu humu mashambani, na maelfu wakakimbia kwa miguu. Hakuna mpira uwezao kuzuia jambo lililopangwa na wakubwa. Lakini twajua pia kwamba mtoto wa Kikipsigis na mtoto wa Kikisii na mtoto wa Kiluo waliocheza timu moja tangu wana miaka minane hawadanganyiki upesi. Ndiyo sababu twasema ligi ya Agosti iwe ya kambi kwa kambi, kila kambi timu moja yenye watoto wote. Mtu atakayeleta timu ya kabila arudishwe nayo mlangoni.

Likizo ya namna gani basi? Haihitaji hema. Wiki tatu, asubuhi mpaka saa za wazazi kutoka shambani, ukumbi uwe wazi. Uji. Netiboli ya wasichana ipewe kiwanja saa nzuri, si saa ya magharibi wavulana wakisha kuchoka. Vitabu vya shule juu ya meza kwa mtahiniwa ambaye nyumbani kwao ni chumba kimoja. Mbio, kwa kuwa hii ni nchi ya mbio: Wilson Kiprugut Chumo, Mkenya wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki, shaba ya mita 800 huko Tokyo mwaka 1964 na fedha huko Mexico mwaka 1968, alikuwa mzaliwa wa Kericho hii hii. Wazee waje siku moja kwa wiki kuwaeleza watoto jinsi chai ilivyopandwa na jinsi mgomo ulivyofanywa. Vijana wawili wa kambi, waliomaliza kidato cha nne na wanaokaa tu kwenye daraja, walipwe kuangalia haya yote. Walipwe, tumesema, tusianze nasi kutafuta kazi ya bure. Kamati ya watu saba ichaguliwe na kambi, wanawake wasipungue wanne, na ufunguo ukae kwa kamati. Matumizi yabandikwe mlangoni kila Jumamosi, hata kama ni sukari ya shilingi mia.

Twasikia wakinong'ona kwamba hata viongozi wa kambi walio wanachama wetu wamewahi kula fedha za namna hii, na wengine hushika kadi za ofisi kwa ajili ya posho ya siku moja. Wapo. Majina yao yanajulikana na kambi zao, na uchaguzi wa tawi upo. Mwizi wa kwetu si sababu ya kumwachia ufunguo mgeni.

Meneja naye atasema shamba lina shule, lina zahanati, lina gari la wagonjwa, na bei ya chai mnadani Mombasa imeshuka. Bei ikipanda hatukumbuki kuitwa ofisini kuambiwa. Na shule na zahanati hazikuombewa kadi mzanini. Zimo katika hesabu za shamba, na ukumbi uingie humo humo.

Kwa hivyo tawi laagiza yafuatayo kwa likizo hii. Mwanachama ye yote asitoe fedha kwa kadi ya ukumbi isiyo na jina la kamati iliyochaguliwa na kambi. Atakayetishwa kwa sababu hiyo, kibarua au wa kudumu, amwarifu mwakilishi siku hiyo hiyo, ataje tarehe, saa, na maneno aliyoambiwa. Kila kambi iandike barua moja fupi kwa ofisi ya shamba kuomba ukumbi ufunguliwe siku shule zitakapofungwa. Nakala ije kwetu. Ofisi ikikataa, na ikatae kwa maandishi.

Katika mkutano mkuu wa tawi tutaleta azimio la senti kumi lipigiwe kura, ili wajumbe wetu waende nalo kwenye majadiliano. Kama mkataba wenu wa sasa una mstari wo wote juu ya ukumbi au michezo, njooni nao, mtu ausome mbele ya wote. Wenye hati za mshahara zilizokatwa "michango" tangu mwaka 2023 wazilete, hata zikiwa zimeraruka. Na kila mwakilishi aje na jibu la swali moja tu juu ya kambi yake: ufunguo uko kwa nani?